Jongoo bahari kwenye tangi la darasani: shajara ya mradi

Desemba, kaskazi imeshika

Tangi limefika. Ni la kioo, urefu sentimita 120, upana 50, kimo 50, nalo limekaa juu ya meza ya saruji nyuma ya maabara ya biolojia, mbali na dirisha la magharibi ili jua la jioni lisilipige. Lengo letu ni wanafunzi wamwone jongoo bahari akiwa hai: anavyokula, anavyojifukia, anavyopumua. Watoto wengi wa hapa Unguja wamekulia ufukweni, na baadhi ya mama zao wanalima mwani, lakini ukiwauliza jongoo bahari ana kazi gani watakujibu kwamba anakaushwa akauzwa Uchina. Ni kweli, anauzwa. Ila mnyama anayeupitisha mchanga wa pwani yetu tumboni mwake na kuurudisha ukiwa safi anastahili kujulikana kwa hilo pia, na mapema, kabla hajawa wa kusimuliwa tu.

Mwalimu mkuu alipokubali aliuliza swali moja: "Na samaki mtakaowatia humo, watapona?"

Ana haki ya kuuliza. Rafiki yangu aliyeko Mombasa alikuwa na tangi lenye samaki aina ya vipepeo na kangaja wadogo, akamtia humo jongoo mweusi mrefu aliyeokotwa mwambani. Usiku jongoo akavutwa na pampu. Kulipokucha samaki wote walikuwa wamelala ubavu. Kwa hiyo kabla hajaingia mnyama yeyote kwetu, nataka jibu la swali la mwalimu mkuu, na nitaliandika humu hatua kwa hatua.

Januari, maji ya bamvua

Walioko bara hununua chumvi ya kuchanganya. Sisi bahari tunayo, lakini si kila maji ya bahari yanafaa. Tunachota wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa kabisa, kwa ngalawa, mbali na gati na mbali na midomo ya mifereji. Wakati wa maji mafu, maji ya ufukweni hayabadiliki sana, na taka za kutoka nchi kavu hukaa hapo hapo. Tunayachuja kwa kitambaa kizito, tunayaweka gizani kwenye mapipa ambayo hayajawahi kubeba kemikali. Chumvi inasoma 35 kwa elfu, joto ni nyuzi 27.

Mchanga umetuchukua muda zaidi kuliko maji. Ule mweupe mkavu wa juu ya ufukwe unapendeza, ila hauna chakula. Jongoo halishwi na chembe za mchanga. Kinachomlisha ni vilivyogandia juu ya chembe hizo: bakteria, vimwani visivyoonekana kwa macho, mabaki ya majani na wadudu. Tumechukua mchanga laini kidogo kutoka kwenye vipara vya nyasi za bahari, tukautandaza unene unaozidi upana wa kiganja kidogo tu, kwa sababu aina tunayoitaka hujifukia mwili mzima.

Baada ya hapo ni kusubiri. Amonia, sumu inayotokana na uozo majini, imepanda, ikashuka. Nitriti, ambayo bakteria huitengeneza kutoka kwenye amonia, ikapanda, nayo ikashuka. Sasa vioo na mchanga vimepata utando wa kahawia, na mmoja wa wanafunzi alikuja na kitambaa tayari kuufuta. Nimemzuia. Utando ule ndio sahani ya jongoo, na tangi lisilokuwa nao halijawa tayari kumpokea.

Februari, sumu yenyewe

Mwezi huu kazi imekuwa ya kusoma kuliko ya mikono.

Ndani ya ngozi na viungo vya majongoo bahari kuna kemikali ziitwazo saponini. Ni jamii moja na zile zinazofanya mimea fulani itoe povu kama sabuni. Mwaka 1952 mtafiti Ross Nigrelli wa New York aliikamua moja kutoka kwa jongoo wa Karibiani na kuipa jina holothurini. Kazi yake ni kutoboa utando wa seli. Matamvua ya samaki ni membamba mno, damu iko karibu na maji, kwa hiyo samaki ndiye anayeumia kwanza na haraka kuliko wote. Kamba na konokono huvumilia zaidi.

Wavuvi wa kisiwa cha Guam, katika Pasifiki, walilijua hili zamani bila maabara. Maji yakipwa, walikuwa wakimponda jongoo mweusi na kumtia kwenye vidimbwi vya mwambani. Samaki walilewa wakaelea, wakaokotwa kwa mkono. Mfano huu nimewaeleza wanafunzi kwa sababu unaonyesha mambo mawili yanayotuhusu. Kwanza, jongoo ilibidi apondwe. Majongoo wale wale wanaishi katika vidimbwi hivyo hivyo pamoja na samaki kila siku bila madhara. Pili, ilibidi maji yawe yamepwa. Bahari ikijaa, sumu inatawanyika na kupotea. Tangi letu la lita mia tatu hivi ni kidimbwi ambacho bahari haikijii kamwe.

Ndiyo maana sijaridhika na majibu mafupi ninayokutana nayo, mengine yakisema jongoo ni salama kabisa, mengine yakisema ni bomu. Jongoo mwenye afya anayetambaa juu ya mchanga hamdhuru mtu. Hatari inakuja anapojeruhiwa, anaposhtuka sana, au anapokufa na kuoza bila kuonekana. Ukitazama vizuri, yote matatu husababishwa na tangi na mwenye tangi. Kwa hiyo swali la mwalimu mkuu nimeligeuza: je, jongoo mwenyewe atakuwa salama humu? Akiwa salama yeye, na samaki watakuwa salama.

Februari mwishoni, aina

"Jongoo bahari" ni jina la wanyama wengi mno, zaidi ya aina elfu moja duniani, na hawalingani kabisa kwa hatari.

Wanaouzwa sana kwa wapenzi wa matangi huko Ulaya na Marekani ni wale wa rangi za kuvutia, zambarau, nyekundu na njano, wenye umbo la tufaha na matawi mdomoni. Wanatoka Australia na Asia ya Kusini-Mashariki. Hao nawakataa kabisa kwa darasa letu, na ningemshauri yeyote awakatae. Hawali mchanga. Hunasa vijidudu vinavyoelea majini, na tangi la kawaida halina vya kutosha. Hunyauka taratibu kwa miezi, mwenye tangi akidhani mambo ni shwari, kisha hufa na kumwaga sumu kali. Hata mayai yao yana sumu kwa samaki anayeyala.

Wapo wengine, wakiwemo baadhi ya wale weusi warefu wa mwambani kwetu, ambao wakichokozwa hurusha nyuzi nyeupe zinazonata kupitia tundu la nyuma. Nyuzi hizo humnasa kaa asiweze hata kutembea, nazo zina sumu. Kwa maelezo aliyonipa rafiki yangu, naamini wake alikuwa mmoja wao. Nao hawaingii kwenye tangi letu.

Tuliyemchagua ni jongoo mchanga, ambaye wanasayansi humwita Holothuria scabra. Hana nyuzi hizo. Anakula mchanga. Ni mkazi wa pwani yetu, kwa hiyo joto na chumvi yetu ni za kwao. Na kubwa zaidi, anafugwa, kwa hiyo hatuhitaji kumtoa porini. Tangu 2013 aina hii imo kwenye orodha ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi. Pauni mweupe na pauni mweusi, ndugu zake wakubwa, wako chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini, tangu Agosti 2020. Kumwokota mmoja mwambani "kwa ajili ya masomo tu" kungekuwa somo baya.

Ofisi ya uvuvi tumeiandikia barua kueleza mradi, na ruhusa imepatikana.

Machi, kabla ya masika

Leo tumeenda kwenye shamba la majongoo, maji yakiwa yamepwa mpaka mbali. Bi anayefuga ana uzio wa nyavu kwenye kipara cha nyasi za bahari, jirani na alipokuwa akilima mwani zamani. Tumemwamkia, akaitikia marahaba, akatupangia kazi kabla hatujasema tulichofuata: kushika upande wa wavu uliolala.

Nilimweleza tunataka mmoja. "Mmoja tu? Hapo kwenye tangi lenu si mngeweka watano?"

Hapa hesabu ilitusaidia. Watafiti waliofuga majongoo mchanga wadogo kwenye matangi huko Visiwa vya Solomon waliona kwamba uzito wao wote ukifikia takriban gramu 225 kwa mita mraba moja ya mchanga, wanaacha kukua, kwa kuwa chakula hakitoshi tena. Sakafu ya tangi letu ni mita mraba 0.6. Hiyo ni gramu 135 kwa jumla, na mawe yanakula sehemu yake. Jongoo mchanga aliyekomaa anaweza kupita kilo moja. Kwa hiyo tangi la lita mia tatu, ambalo kwa samaki wadogo ni jumba, kwa jongoo linamtosha mmoja, tena mdogo. Bi alisikiliza, akatikisa kichwa kwa kukubali. "Ni kweli. Hata humu nikiwajaza sana wanadumaa. Na wewe mwanangu, usimshike kwa pupa. Mchukue na maji yake. Ukimbana, atajitoa matumbo mbele yako."

Kujitoa matumbo ni kweli tupu. Jongoo akibanwa, akipata joto la ghafla au akikosa hewa anaweza kuusukuma nje utumbo wake. Mara nyingi hafi. Utumbo huota upya baada ya wiki kadhaa. Baharini hilo humwokoa. Ndani ya tangi ni mzigo wa sumu na uozo kwa mpigo.

Tumepewa mwenye uzito wa karibu gramu 50. Bi amekataa pesa yetu, akasema wanafunzi waje wamsaidie siku ya kukarabati uzio. Tumekubali.

Machi, siku hiyo hiyo usiku

Amesafiri ndani ya ndoo yenye kifuniko na pampu ndogo ya hewa ya betri. Hatukumtoa nje ya maji hata kidogo. Tulifunga mpira mwembamba wa kudondosha maji ya tangi ndani ya ndoo, tone kwa tone, kwa saa kadhaa, kwa kuwa majongoo hawavumilii mabadiliko ya ghafla ya chumvi. Kisha tukazamisha bakuli, akahamia mchangani mwenyewe.

Kabla ya hapo tulikuwa tumeshashughulikia kila tundu linalovuta maji. Mdomo wa pampu umefunikwa kwa sponji nene, na juu ya sponji kuna wavu wa plastiki, ili hata sponji ikichomoka kuwe na kizuizi cha pili. Pampu zenye feni wazi za kuzungusha mawimbi hatukuziweka kabisa. Jongoo hutembea kokote, pamoja na kupanda vioo usiku, na akifika kwenye tundu linalovuta hana mbinu ya kujinasua. Kama kuna jambo moja ambalo msomaji mwenye tangi atalifanya leo baada ya kusoma, naomba liwe hili la pampu.

Aprili, masika

Mvua haikati. Bi ametuma habari kwamba maji ya mvua yameingia shambani na anahofia wadogo wake, maana chumvi ikishuka sana hufa. Sisi tumesimamisha uchotaji na tunatumia yale ya mapipani. Ni vizuri tulijaza mapema.

Umeme umekatika usiku mzima. Mlinzi alinipigia simu, nikaenda. Pampu ya betri ilikuwa imewaka yenyewe kama tulivyoipanga, mapovu yanapanda. Hata hivyo jongoo alikuwa ametoka mchangani na kupanda kioo hadi karibu na uso wa maji, mwili umenyooka. Nimechukulia ni dalili ya hewa kupungua, nikaongeza jiwe la pili la mapovu. Baada ya muda alishuka.

Wanafunzi nimewaeleza kesho yake anavyopumua, na wamecheka kwanza kisha wakanyamaza wakatazama. Anavuta maji kwa tundu la nyuma, yanaingia kwenye viungo vyenye matawi ndani ya mwili, yanatoa hewa, kisha anayasukuma nje. Ukitulia mbele ya kioo unaona tundu likifunguka na kufumba. Tumeweka zamu ya kuhesabu mara ngapi kwa dakika, asubuhi na jioni, ili tujue kawaida yake ni ipi.

Mei, chakula

Hili ndilo ninaloliona kuwa zito kuliko sumu. Majongoo wengi matangini hufa kwa njaa, na njaa yao haionekani, kwa kuwa mnyama huyu akikosa chakula hakondi kwa kuonyesha mbavu. Anasinyaa mwili mzima, akibaki na umbo lile lile. Anaweza kuendelea hivyo miezi mingi. Mwenye tangi anaona "bado yupo", mpaka siku hayupo.

Kwa hiyo tunampima. Uzito wake unadanganya ukikurupuka, sababu mwilini kuna maji na mchanga mwingi. Tunamweka kwenye chujio la plastiki kwa muda mfupi, ule ule kila mara, maji yachuruzike, ndipo anakaa juu ya mzani uliolowanishwa. Tunapima kwa nadra, maana kila kumshika ni kumsumbua. Mara mbili za mwanzo alikuwa amepungua kidogo. Mchanga ulionekana safi mno, mweupe kama mpya, na hiyo ndiyo ilikuwa habari yenyewe: ameshamaliza.

Tumeanza kumlisha. Mwani wa kahawia unaosukumwa ufukweni na kusi tunausuuza, tunaukausha, tunausaga mpaka unga. Kijiko kidogo kinachanganywa na maji ya tangi, pampu inazimwa kwa muda, unga unamwagwa karibu na mchanga utue. Ukizidisha unaoza, mchanga wa chini unageuka mweusi na kunuka yai bovu. Ndiyo maana tunampa kidogo, na tunaufukua mchanga kwa kijiti kona moja kila wiki kutazama rangi yake.

Mwisho wa mwezi amerudi uzito aliokuja nao na kupita kidogo. Kinyesi chake, vile vijiti vya mchanga vilivyofungwa vizuri, vimejaa tena sakafuni. Nimefurahi kuliko nilivyotarajia.

Juni, samaki

Baada ya jongoo kutulia ndipo tumeingiza samaki, wachache na wadogo, wa kula vinavyoelea na mwani wa mawe. Mpangilio huu, jongoo kwanza samaki baadaye, tumeuchagua makusudi. Tungeanza na samaki, tungemwingiza mgeni asiye na afya iliyojulikana katikati yao.

Bunju na kikande hawaingii. Wana meno ya kuvunjia magamba na tabia ya kuonja kila kitu, na jongoo hana pa kukimbilia. Kaa wakubwa vile vile. Kuna mtoto aliyeleta bunju mdogo kwenye chupa, mzuri kweli, tukamtazama pamoja kisha akarudishwa baharini.

Kaa mmoja tumeshindwa kumkataa kwa kuwa alikuja na jongoo bila kutuambia. Ni mdogo kama ukucha, mwenye madoa meupe, anaishi juu ya ngozi yake na kujificha chini ya tumbo. Ni kaa anayejulikana kuishi na majongoo, na hamli mwenyeji wake. Wanafunzi wameacha kabisa kuwataja samaki. Habari ni za kaa tu.

Kanuni za mikono tumezibandika ukutani. Hakuna kuingiza mkono bila ruhusa. Ukishaingiza, unanawa kwa sabuni. Na kabla ya kunawa hugusi jicho, kwa sababu utelezi wa jongoo unaweza kuliwasha jicho vibaya. Hakuna kumwinua nje ya maji kwa ajili ya picha.

Kando yake kuna karatasi ya dharura. Samaki wakianza kuhema juu ya maji au jongoo akionekana amepasuka, wa kwanza kutolewa ni samaki, wanapelekwa kwenye pipa la maji safi lenye hewa. Jongoo anafuata, chombo chake peke yake. Kisha kaboni amilifu, yaani mkaa maalumu wa kunyonya sumu, iliyokwisha kuoshwa inaingia kwenye chujio, na maji yanabadilishwa nusu, na nusu tena. Ndiyo maana mapipa hayaachwi matupu hata wiki moja. Tumefanya zoezi la kujifanya imetokea, wanafunzi wakishika saa.

Agosti, kusi kali

Samaki wote wapo. Jongoo anajifukia asubuhi na kuibuka alasiri, kwa mpangilio ambao sasa darasa zima linaujua. Kipindi cha mwisho cha siku kimekuwa kipindi kinachogombewa.

Mwalimu mkuu amepewa jibu lake kwa maandishi. Jongoo mchanga mmoja, mdogo, kwenye tangi lililokomaa, mchanga laini, pampu zilizofunikwa, samaki wasiouma, chakula kinachopimwa na maji ya akiba: hapo samaki wako salama. Kipengele kimoja kikikosekana, asiwekwe. Mtu mwenye tangi dogo la mezani, au la wiki tatu, au lenye bunju, jibu langu kwake ni hapana, hata kama muuzaji anasema jongoo husafisha mchanga bure.

Kwenye mzani amepita gramu 90. Anakaribia kikomo tulichokihesabu, kwa hiyo tunampangia safari ya kurudi kwenye uzio wa Bi, bamvua ya mwezi ujao. Tumeweza kulipanga hilo kwa sababu maji, mchanga, mawe na samaki wa tangi hili vyote ni vya pwani hii hii. Kingeingia kiumbe kimoja cha kununua kutoka mbali, tusingethubutu kumrudisha asije akapeleka maradhi. Siku hiyo wanafunzi watakarabati uzio kama tulivyoahidi, na Bi amesema ameshamtenga mwingine mdogo. Wiki hii kazi yetu ni kuukagua mchanga wa tangi na kuamua kama upumzike kidogo kabla hajaingia.